Mavazi ya Vitabu: Habari za Majalada, na Mambo Tuliyoyajaribu Mgori

Waalimu wenzangu, nanyi Wakristu wa vigango vyote mtakaosomewa kijitabu hiki, mimi sikuombwa kuandika habari za maaskofu wala za makanisa yaliyojengwa. Hayo yameandikwa na wengine wenye kuyajua zaidi. Niliombwa niandike jinsi vitabu vyetu vya zamani vilivyokaa hata vikafika siku hii ya yubilei. Nikafikiri, nikaona ya kuwa kitabu kikidumu au kikipotea, mara nyingi sababu si maneno yaliyo ndani, bali ni vazi lake. Kwa hiyo nitasema habari za majalada: yalifanywa kwa vitu gani katika nchi mbalimbali, watu walishika nini walipokosa kile walichokizoea, na sisi huku Mgori tulijaribu nini kwa mikono yetu. Katika hayo limo kosa langu moja, nalo sitalificha.

Kwanza neno lenyewe. Jalada ni neno tulilopokea kwa Waarabu, na shina lake kwao ni ngozi. Kukijalidi kitabu, basi, ni kukivika ngozi. Lakini tangu zamani za kale wako watu waliokosa ngozi njema, au waliokuwa na ngozi bila mbao, au waliokuwa na mbao bila ngozi, nao hawakuacha kitabu uchi. Habari za watu hao ndizo zilizonivuta mimi, kwa maana hali yao ni kama hali yetu.

Mwezi wa Desemba mwaka 1945, wakulima wa Misri waliokuwa wakichimba udongo wa rutuba karibu na mji wa Nag Hammadi walikuta mtungi, na ndani yake mlikuwa vitabu vya kale, 13 kwa hesabu ya wataalamu, ingawa kimoja kilibaki kurasa chache tu. Vilikuwa vimeandikwa kwa lugha ya Kikopti juu ya karatasi ya mafunjo, katika karne ya 4. Majalada 11 yalipatikana pamoja navyo. Yalikuwa ya ngozi, yamekatwa kama mkoba, na baadhi yake yana ulimi wa kufunika ukingo wa kitabu na kanda za kufungia. Nami niliposoma habari zake nilistaajabia jambo moja: ngozi ile haikutandazwa juu ya mbao. Mafundi walitwaa mafunjo yaliyokwisha kutumika, barua na hati na hesabu zisizotakiwa tena, wakazigandamiza moja juu ya nyingine kwa gundi mpaka zikawa ngumu, wakazitia ndani ya ngozi. Hati hizo zilipofunguliwa na wataalamu, nyingine zilionekana zina miaka, na mwaka wa mwisho ni 348. Ndivyo takataka za ofisi zilivyotusaidia kuujua umri wa vitabu. Mwenye kutupa karatasi afikiri kwanza.

Sasa twende Uhabeshi, maana huko nitakaa kidogo. Katika Afrika yetu hii hakuna nchi iliyoshika kazi ya vitabu vya mkono kwa muda mrefu kama ile. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, ziko Injili za kale sana zilizoandikwa juu ya ngozi, ambazo kwa vipimo vya wataalamu zilifanywa kati ya mwaka 330 na mwaka 650 hivi. Kimoja cha vitabu hivyo kina majalada yaliyovikwa shaba iliyopakwa dhahabu. Hilo lilikuwa vazi la kifalme, wala si desturi ya kila kanisa. Desturi ya makanisa mengi ni hii. Karatasi yao ni ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa na kuvutwa katika fremu mpaka ikawa nyeupe na nyembamba. Kurasa hukunjwa kwa mafungu, mafungu hushonwa moja kwa lingine kwa mshono ufananao na mnyororo, bila kamba ya kushonea juu yake mgongoni, na uzi ule ule huingia katika matundu yaliyotobolewa ukingoni mwa mbao mbili. Mbao hizo mara nyingi ni za mti uitwao wanza, na huo ndio mti ambao watu wa Kilimanjaro huuita mringaringa. Juu ya mbao huvikwa ngozi ya mbuzi au ya kondoo yenye rangi ya wekundu wa udongo, nayo hupigwa chapa za misalaba na mistari kwa chuma cha moto, bila dhahabu. Ndani ya jalada, mahali ngozi isipofika, hubandikwa kipande cha kitambaa kizuri, pengine cha hariri iliyotoka mbali.

Lakini si kila kitabu kilipata yote hayo. Viko vitabu vingi sana vya Uhabeshi ambavyo vina mbao tupu, hazikuvikwa kitu, nazo zimekaa mamia ya miaka zikang'aa kwa kushikwa na mikono ya mapadre. Ubao ukipasuka, hawautupi; hutoboa matundu pande mbili za ufa, wakaushona kwa ukanda kama vile mama zetu wanavyoshona kibuyu kilichopasuka. Na kitabu chenye mbao tupu hutiwa katika mfuko wa ngozi ngumu wenye mkanda, uitwao mahdar, kikatundikwa ukutani juu ya kigingi. Hapo panya hawafiki kwa urahisi, wala mchwa, wala maji ya sakafuni. Basi mfuko ule ni jalada la pili, nalo pengine lina kazi kubwa kuliko la kwanza. Mimi nilipoona picha ya vitabu vilivyotundikwa hivyo nilikumbuka vibuyu vya maziwa katika nyumba ya bibi yangu, navyo vilitundikwa kwa sababu ile ile.

Pwani yetu ya Waswahili nayo ina habari zake. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana karne ya 18 na ya 19 kwa waandishi walionakili Misahafu, na kwa mafundi wa ngozi. Jalada la Kiislamu tangu zamani lina ulimi unaotoka upande wa nyuma na kufunika ukingo wa mbele, ukaingia chini ya jalada la juu. Hapo kale waliweka mbao ndani yake. Baadaye wakaacha mbao, wakabandika karatasi juu ya karatasi mpaka zikawa ubao mwepesi, kama wale wa Nag Hammadi walivyofanya kwa mafunjo. Karatasi zenyewe zililetwa kwa vyombo kutoka ng'ambo, nyingi zikitoka Italia, na ukizitazama juani waona alama ya miezi mitatu iliyoandama. Juu ya yote kitabu kilitiwa katika mfuko wa kitambaa. Ulimi, mfuko, kigingi: mahali pote naona shauri lilikuwa lile lile, la kuufunika ule ukingo ambao vumbi na wadudu hupata njia ya kuingilia.

Walipofika wamisioni na mashini za kupiga chapa, mambo yalibadilika. Askofu Tozer na Edward Steere wa misioni ya Kiingereza walifika Unguja mwaka 1864, na baada ya muda mfupi vijana waliokombolewa katika utumwa walikuwa wakipanga herufi za chapa pale. Mwaka 1867 kilitoka Unguja kijitabu cha Steere cha lugha ya Kisambaa. Katika bara, baadaye, zilikuja chapa za Vuga katika Usambara, za Kipalapala karibu na Tabora, za Ndanda na za Peramiho, na hizo mbili za mwisho ni kazi ya Wabenediktini. Nani kwetu aliyekua bila kuona jina la mojawapo ya hizo chini ya ukurasa wa kwanza wa katekisimu?

Vitabu hivyo vya chapa vilivikwa kitambaa au karatasi nene, wala si ngozi. Desturi ya kitambaa ilianza Uingereza kati ya mwaka 1820 na 1830 hivi. Kabla ya hapo mwenye duka aliuza kitabu katika karatasi tu, na mnunuzi mwenyewe akakipeleka kwa fundi akivike ngozi. Kitambaa cha pamba kilikuwa rahisi, kikakubali rangi na chapa, lakini ili gundi isipenye hutiwa uwanga mwingi katika nyuzi zake. Na uwanga ni chakula. Katika nchi ya baridi jambo hilo si kubwa; huku kwetu, mende akikipata kitabu kama hicho usiku mmoja, asubuhi utaona jalada lina madoa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hao hawakukusudia maneno, walikusudia uji ulio katika kitambaa.

Watu wa Uganda walipewa dawa nyingine, nayo yapendeza kusimuliwa. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi kubwa ya George Pilkington na Waganda waliomsaidia. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata katika maasi ya askari wa Kisudani. Biblia ile ilipigwa chapa kwa umbo fupi, jembamba na nene mno, mfano wa tofali, ili ipate kuingia katika mkebe wa biskuti wa Huntley & Palmers. Mikebe hiyo ilikuwa imeenea nchini, na mchwa hawana meno ya bati. Watu wakaiita Biblia ya mkebe wa biskuti. Tazameni jinsi walivyofikiri: hawakulibadili jalada liufuate ukubwa wa kitabu, walikibadili kitabu chenyewe kiufuate ukubwa wa mkebe.

Uganda ndiko pia kwenye nguo ya gome iitwayo lubugo. Hubanduliwa katika mti wa mutuba, gome la ndani likalainishwa kwa moto au maji ya moto, likapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likapanuka na kuwa laini kama kitambaa, rangi yake ya udongo mwekundu. Mti haufi, hufungwa majani ya mgomba mahali pa jeraha, nao huota gome jingine. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote, na siku hizi wako mafundi wanaovika madaftari na vitabu kwa lubugo. Nilitamani sana kuijaribu, lakini mutuba si mti wa kwetu.

Msidhani ya kuwa Wazungu wao walikuwa na ngozi njema siku zote. Katika karne ya 19 vitabu vyao vya ngozi vilianza kugeuka unga mwekundu mikononi mwa wasomaji, ingawa vile vya kale zaidi vilikuwa vizima. Mwaka 1900 chama kimoja cha London kiliweka kamati ya kuchunguza sababu, na mwaka uliofuata ikatoa habari: ngozi mpya zilitengenezwa haraka kwa dawa kali na magome yasiyofaa, zikanywa moshi wa gesi za taa. Mmoja wa kamati ile, Douglas Cockerell, alitoa mwaka huo huo wa 1901 kitabu cha kufundisha kazi ya kujalidi, nacho chatumika hata leo. Tena mwaka 2025 wataalamu walitangaza habari za vitabu vya watawa wa Clairvaux, katika Ufaransa, monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo mwaka 1115. Vitabu vyao vingine vina vazi la pili la ngozi yenye manyoya, na watu walidhani ni ya nguruwe mwitu au ya paa. Ilipopimwa ikaonekana ni ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi za kaskazini. Watawa wa nchi kavu, mbali na bahari hizo, na ngozi ya mnyama ambaye labda hakuna hata mmoja wao aliyemwona hai! Nadhani walipewa, wakaona yazuia maji, wakaitumia.

Na mafuriko ya mto Arno yaliyoingia Firenze tarehe 4 Novemba 1966 yalifundisha jambo kwa machungu. Maelfu ya vitabu vya maktaba vililala katika matope. Miongoni mwa waliokwenda kuviokoa alikuwa Mwingereza Christopher Clarkson, naye aliona ya kuwa vitabu vilivyovikwa ngozi nyeupe laini tu, bila ubao na bila gundi nyingi mgongoni, vilikuwa vimestahimili vema. Hapo zamani vazi hilo lilihesabiwa kuwa la bei nafuu. Mwaka 1982 alitoa maandishi ya kuwafundisha mafundi wengine kulifanya.

Sasa nirudi Mgori.

Sisi Wanyaturu ni watu wa mtama na uwele, wa ng'ombe na mbuzi. Karibu nasi uko msitu wa Mgori, msitu wa miombo wa hekta kama 40,000, ambao vijiji vitano, yaani Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilianza kuulinda vyenyewe katika miaka ya 1990, na watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza habari zake. Kutoka msitu huo hupata asali na nta na magome. Nayataja hayo kwa kuwa ndiyo duka tulilokuwa nalo. Na mvua zetu ni za masika moja tu, tangu Novemba mpaka Aprili. Muda huo mchwa huamka, na paa huvuja.

Katika kigango kimoja cha upande wetu kilikuwako kitabu cha wabatizwa, nakala ambayo makatekista walioshika kazi kabla yangu waliandika kwa mkono, kilichoanza kabla ya Jimbo letu la Singida kuundwa mwaka 1972. Ninyi waalimu mnajua ya kuwa Kanisa lilikaza amri ya kuandika vitabu hivi tangu Mtaguso wa Trento. Amri ya kuandika ndoa ni ya mwaka 1563. Kitabu kikuu hukaa parokiani. Lakini hiki cha kigango kilikuwa na jambo ambalo kile kikuu hakina: pembeni mwa kurasa makatekista wale wa zamani waliandika habari za watu. Fulani amehamia mahali fulani. Fulani amefiwa na baba. Fulani amerudi. Nilipokipokea, jalada la nyuma lilikuwa limeliwa lote na mchwa, na mgongo umebaki nyuzi tupu.

Nikaazimu kukijalidi upya. Lakini kwa kuwa sikuwa fundi, nilitaka kujaribu kwanza kwa madaftari ya zamani yasiyo na kitu, mimi na mwalimu mwenzangu wa shule na mzee mmoja fundi wa mizinga ya nyuki. Tulifanya vitabu sita vidogo, kila kimoja na vazi lake, tukaviacha juu ya ubao katika ghala la kigango tangu mvua za kwanza mpaka za mwisho.

Cha kwanza tulikivika ngozi mbichi ya mbuzi iliyolowanishwa, yenye manyoya. Mzee alitucheka tangu mwanzo. "Mwalimu," akasema, "ngozi mbichi ni kama ng'ombe dume, ikikauka hufuata njia yake." Nami nikamjibu, "Baba, tuone tu." Tuliona. Siku tatu haikupita ikavuta, mbao zikapinda, kitabu kikawa kama mtumbwi. Hata kabla ya Krismasi panya walikuwa wamekula pembe mbili.

Cha pili kilikuwa cha ngozi iliyolowekwa katika maji ya magome ya mgunga majuma mengi, kisha ikafikichwa kwa mafuta ya mbarika. Hicho kilikuwa chema. Kasoro yake ni kwamba mahali ngozi ilipogusa karatasi pasipo kitu katikati, karatasi iligeuka rangi ya chai. Tulipotia kitambaa cha amerikani katikati, haikudhuru tena.

Cha tatu tulikitengenezea ngozi kwa shabu na chumvi, pamoja na unga na kiini cha yai, maana nilikuwa nimesoma ya kuwa mafundi wa Ulaya ya kale walifanya hivyo, na majalada yao meupe yangalipo. Ilitoka nyeupe, laini, ya kupendeza kuliko zote, na mwalimu mwenzangu alitaka tuikubali siku ile ile. Mwezi wa Januari paa likavuja juu yake. Maji yakaiondoa shabu, ngozi ikarudi kuwa ngumu kama ile ya kwanza. Wazungu wale hawakuwa na paa letu.

Cha nne kilikuwa cha amerikani kwa uji wa ngano. Sitasema mengi, mende walifurahi. Tulifanya kingine kama hicho tukatia mrututu katika uji, na mende hawakukigusa, lakini kitambaa kilifanya madoa ya kijani, na mrututu ni sumu, tukaogopa kwa ajili ya watoto wanaolowesha kidole kwa ulimi ili kufunua ukurasa. Kijana mmoja wa kwaya alileta kipande cha mpira wa gari, akisema viatu vya namna hiyo humaliza miaka kumi. Tulimshukuru.

Cha sita kilikuwa shauri la mzee. Alileta gome la mti wa miombo, lile la kufanyia mizinga na malindo ya nafaka, akalinyosha juu ya moto likiwa bichi, akaligandamiza chini ya mawe mpaka likakauka. Tulipolifanya jalada peke yake, lilipasuka mahali pa kukunjia mara ya kumi ya kufunguliwa. Mimi nikasema basi, limeshindwa. Mzee akalitwaa, akalitazama, akasema, "Halikushindwa, Mwalimu. Umelipa kazi ya ngozi. Lipe kazi ya mfupa." Ndipo nilipokumbuka vitabu vile vya Misri, ngozi nje na mafunjo magumu ndani. Tukakata vipande viwili vya gome, tukavifunika amerikani, na juu yake ngozi ya magome ya mgunga, yenye ulimi kama wa Misahafu ya Siyu. Kushona tulishona kwa mnyororo wa Kihabeshi, kwa uzi wa pamba uliopitishwa katika nta, na matundu tuliyatoboa kwa msharasi wa fundi viatu. Tuliuacha mwaka mzima mwingine. Haukuguswa na panya, wala haukupinda. Gome lazima likaushwe motoni, msisahau. Lililokaushwa kivulini lilitoa unga wa funza wa miti.

Kwa hiyo nikapata ushujaa wa kukigusa kitabu chenyewe cha wabatizwa, na hapa ndipo lilipo kosa langu. Vipande vya gome nilivyokuwa navyo vilikuwa vifupi kuliko kurasa kwa upana wa kidole. Ilinipasa nimngoje mzee alete gome jingine. Lakini ilikuwa juma la mwisho kabla ya sikukuu ya kigango, nami nilitaka kitabu kionekane mezani siku hiyo. Tena kingo za kurasa zilikuwa zimechakaa na kuraruka, nikajiambia ya kuwa mafundi wote hukata kingo ili zilingane. Nikaliweka rula, nikakata kwa wembe, fungu baada ya fungu. Vipande vikaanguka chini, watoto wakavifagia, vikachomwa pamoja na majani. Kitabu kilikuwa kizuri sana. Padre alikishika, akawaonyesha watu, nao wakapiga makofi.

Baada ya miezi miwili alikuja mama mmoja, mtu mzima, kutoka kijiji cha msituni. Kaka yake aliondoka zamani kwenda kutafuta kazi, yeye akiwa mtoto, na marehemu mama yao alikuwa akisema ya kuwa katekista wa wakati ule aliandika katika kitabu mahali alipokwenda. Sasa kulikuwa na shauri la shamba la baba yao, naye hakutaka ligawanywe kabla kaka yake au watoto wake hawajatafutwa. Nikafunua. Jina lilikuwako, na tarehe ya ubatizo, na wasimamizi. Pembeni mlikuwa na maneno yaliyoanza karibu na jina na kwenda mpaka ukingoni, na ukingo niliukata mimi.

Nilihesabu kurasa zilizokatwa maneno namna hiyo: 23. Miezi yote ya kiangazi mwaka ule nilizunguka kwa baiskeli kwa wazee wa vijiji, nikiuliza jina moja moja, nani alihamia wapi, nani alirudi. Nilipata nusu kidogo kupita. Yale niliyoyapata niliyaandika katika karatasi mpya, nikaandika na jina la aliyenieleza na siku yenyewe, nikazishona mwishoni mwa kitabu kwa uzi ule ule. Padre nilimwambia yote kabla sijaanza kuzunguka. Aliniambia nisikifungue kukijalidi tena, na sasa kitabu kikiwa kidogo kuliko gome, nikiache hivyo.

Kitabu kipo. Kimetiwa katika mkebe wa bati, na mkebe umewekwa juu ya meza ambayo miguu yake imesimama katika makopo yenye mafuta machafu ya gari. Jalada halina tundu hata moja baada ya masika mengi. Mama yule huja kila mwaka wakati wa mavuno na kuomba kuonyeshwa ukurasa wake, nami humfunulia. Maneno yaliyobaki pembeni ni haya: amehamia Ta. Tumeandika barua Tanga, na Tabora pia. Mwaka huu tunaandika Tarime.